Bi Salamu na Kibehewa cha Mbele

Mwalimu aliamka na hasira za jana, na kabla hajamaliza kupiga mswaki alikuwa amekwisha kupata za leo.

Mama yake alikuwa ukumbini, amevaa viatu tayari, mkoba mapajani, dirisha wazi, anasalimia mtaa. Si kwamba aliwaona watu. Mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho lake la kulia zamani, na la kushoto lilibakiwa na mwanga wa kutofautisha mlango na ukuta, basi. Watu aliwajua kwa miguu yao: huyu anaburuza kandambili, yule anatembea utadhani anafukuzwa na mbwa. Na akishakujua hakuachii. Atakuuliza hali yako, hali ya mama yako, kikohozi cha mtoto, na lile paa linalovuja mlilitengeneza au bado? Mtaa mzima ulimwita Bi Salamu, na wenye haraka zao walishazoea kupita uchochoro wa nyuma.

"Mama, funga dirisha. Siafu ameshafika."

"Nimalizie na huyu, mwanangu. Hajaniambia dada yake anaendeleaje."

"Dada yake yupo, mzima, jana nilimwona anagombana sokoni! Twende!"

Ilikuwa siku ya jicho. Daktari wa macho alikuja hospitali kuu mara moja tu kwa mwezi, na zamu hii walikuwa wameingojea mpaka Mwalimu akaacha kuihesabia. Mgonjwa akiitwa asiitike, anaitwa mwingine, na yeye anarudi mwisho wa foleni kuanza upya. Na daktari alikuwa amesema bila kupamba maneno: jicho la kulia limeshakwenda, la kushoto linaokoka likiwahiwa, likicheleweshwa tena hatoi ahadi. Kwa hiyo Mwalimu aliomba ruhusa ya siku nzima kwa mwalimu mkuu, ambaye aliitoa kwa uchungu wa mtu anayetoa figo.

Nje ya lango kibehewa kilikuwa kimesimama, mlango wazi, hakina dereva wala kondakta wala mtu wa kumlaumu. Jina rasmi la usafiri ule liliandikwa ubavuni, refu, la kitaalamu, na hakuna aliyewahi kulisoma likaisha kabla gari halijaondoka. Watu waliuita siafu. Vibehewa vidogo, vya watu sita sita, vilitoka kila kimoja kwenye uchochoro wake, vikafika barabara kuu na kushikana kimoja nyuma ya kingine, mwendo mmoja, mpaka njia panda; hapo viliachana, kila kimoja na njia yake. Vikiwa vimeshikana, milango ya kati ilifunguka, na uliweza kutembea kutoka cha nyuma mpaka cha mbele kama mtu anayehama chumba.

Na tuseme kweli, siafu alikuwa na mazuri yake. Mwalimu mwenyewe, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikiri kwamba zamani angelazimika kumkokota mama yake na magoti yale mabovu mpaka barabarani, wasimame juani, wasukumwe. Sasa gari lilikuja mpaka langoni, likashusha ngazi yake chini kabisa, likasubiri. Foleni mjini zilipungua. Hata moshi ulipungua. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, nao ulimtosha Mwalimu: siafu alifanya kile alichoambiwa na mfumo wake, na mtu mzima mwenye akili timamu aliyekaa ndani hakuwa na la kusema.

Sauti, lakini, siafu alikuwa nayo. Sauti ya kike, laini, yenye subira ya kukera, iliyotoka darini na kukuelekeza kila kitu. Watu waliiita Shangazi.

"Karibuni," alisema Shangazi. "Abiria wawili, hospitali kuu. Tafadhali kaeni."

"Ahsante, mwanangu," alijibu Bi Salamu. "Umeamkaje?"

Shangazi hakusema ameamkaje. Bi Salamu alimuuliza kila safari, na kila safari hakujibiwa, na hakukata tamaa.

Ndani alikuwemo fundi bomba mmoja na begi lake la vyuma, naye anakwenda huko huko hospitali, ambako bomba lilikuwa linavuja. Bi Salamu alijua habari za bomba hilo zote kabla kibehewa hakijatoka mtaani. Mwalimu aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Hakuwa amelala vizuri. Jana mama yake, kwa nia njema ile iliyokuwa inamwua Mwalimu pole pole, aliamua kusaidia kazi za nyumba. Akachukua kitambaa kilicholowa akafuta meza yote ya kulia, na juu ya meza ilikuwepo mitihani ya darasa zima, imesahihishwa, inasubiri kurudishwa. Wino ulitiririka mpaka sakafuni. Mwalimu alipiga kelele ambazo majirani walizisikia. Kati ya aliyoyasema lilikuwemo hili: "Macho yakishapona, mama, angalau kila mtu atarudi mahali pake!"

Mama yake hakujibu kitu. Na Bi Salamu kutojibu kitu si jambo la kila siku, lakini Mwalimu alikuwa chini ya meza anaokoa karatasi, hakuligundua.

Walifika barabara kuu. Kukasikika mgongano mdogo wa kushikana, milango ya kati ikafunguka, sauti za watu wa vibehewa vingine zikaingia. Shangazi akatangaza: "Tumeunganishwa. Abiria wa hospitali kuu, bakini kwenye kibehewa hiki. Tutaachana kwenye njia panda."

Simu ya Mwalimu ikaita. Alikuwa muuguzi wa zamu.

"Mko wapi? Mgonjwa hajala kitu?"

"Hajala. Tuko njiani."

"Maana jana mmoja alikuja ameshiba, daktari akamrudisha. Na zile dawa za matone mlitia?"

"Tulitia."

"Zote?"

"Zote, dada!"

Ni maneno machache, lakini yalitosha. Kwa sababu huko kibehewa cha mbele mtu alikuwa amekohoa, na Bi Salamu alikuwa amekijua kikohozi. Kilikuwa cha mkunga mstaafu, mwanamke aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa wao wa zamani, na ambaye alimpokea Mwalimu mwenyewe siku alipoingia duniani akilia kwa hasira. Mtu aliyekuzalisha hukai ukamsikia anakohoa ukanyamaza. Bi Salamu alinyanyuka, akapapasa viti, akavuka mlango wa kati. Fundi bomba alimwona, akadhani anajua aendako.

Mwalimu alipokata simu, kiti kilikuwa kitupu.

Aligeuka. Kupitia mlango wa kati aliuona mgongo wa mama yake, umeinama, mikono yote miwili imeshika mkono wa mtu. Salamu zilikuwa zimefika kwa wajukuu.

"Mama! Rudi huku!"

"Njia panda," alisema Shangazi. "Tunaachana. Kaeni mbali na milango."

"Nakuja, mwanangu," alisema Bi Salamu bila kugeuka, "ananiambia habari za miguu yake," na kwa kweli usingeweza kumkatiza mtu anayekueleza miguu yake, kwake yeye isingewezekana hata nyumba ingekuwa inaungua. Mlango ukajifunga. Kukasikika mlio wa kuachiana, na vibehewa vya mbele vikanyoosha moja kwa moja, na kibehewa cha Mwalimu kikakata kulia kuelekea hospitali, kwa utulivu kabisa, na ndani yake hakuna mgonjwa.

"Simama!" Mwalimu alikuwa wima, anaipiga dari kwa kiganja. "Simamisha gari!"

"Tafadhali kaa chini. Mwendo wako unaweza kuwasumbua abiria wengine."

"Mama yangu yuko kwenye kile kingine!"

"Hongera kwa kusafiri na familia. Safari yenu ina abiria wawili."

"Abiria mmoja! Hesabu! Niko peke yangu!"

"Safari yenu ina abiria wawili," alisema Shangazi, kwa sauti ile ile, na Mwalimu, aliyekuwa amewanyamazisha watoto kwa kuwaangalia tu kwa muda wa maisha yake ya kazi, alijikuta anaiangalia dari kwa jicho hilo hilo. Dari haikutetereka.

"Huyo hasikii kelele, dada," alisema fundi bomba kwa upole. "Mimi nilishagombana naye nikachoka. Bonyeza kile kitufe chekundu pale, kuna mtu. Mtu kabisa, wa damu."

Mtu wa damu alichelewa kupokea, na alipopokea alikuwa ana mafua.

"Chumba cha uangalizi, nikusaidie nini?" Akapiga chafya. "Samahani."

Mwalimu alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyoeleza ubaoni, na sauti yake ilipanda kwa kila sentensi. Mama yake haoni. Mama yake yuko kwenye kibehewa kingine. Mama yake ana zamu ya kupasuliwa jicho asubuhi hii. Kigeuzeni.

"Namwona," alisema mhudumu. "Yule mama aliyekuwa anaongea naye na wenzake wameshuka kituo cha soko. Yeye kabaki peke yake. Ameketi. Ana mkoba mapajani."

"Basi mgeuze aje hospitali!"

"Siwezi, dada. Mimi naangalia tu. Kazi yangu ni kuangalia."

"Sasa nani anageuza?"

"Mfumo. Na mfumo ungemgeuza, ila unasema ninyi si watu wa nyumba moja." Chafya. "Zamani tuliruhusu kila mtu, ikawa fujo. Mke yuko safarini kwenda kwao, mume anamgeuza kwa simu. Watu wanakomoana. Ndiyo wakaweka sharti, lazima muwe nyumba moja."

"Tuko nyumba moja! Analala chumba cha pili kutoka changu! Amenifutia mitihani jana!"

"Kadi yake haisemi hivyo. Kadi yake inasema anakaa ng'ambo ya reli. Na ndiko anakokwenda sasa. Abiria aliyebaki bila safari hupelekwa kwenye anwani ya kadi yake, asije akazungushwa mji mzima. Ni utaratibu mzuri tu, kwa kawaida. Umesaidia walevi wengi."

Mwalimu alikaa. Ng'ambo ya reli ndiko ilikokuwa nyumba ya zamani ya mama yake, vyumba viwili na ua, imefungwa kufuli. Bi Salamu alikuja kwa mwanawe kukaa wiki mbili, mpaka daktari apatikane. Wiki mbili zikapita, ikapita na miaka, kitinda mimba wa Mwalimu akazaliwa, akaota meno, akaanza kukimbia. Hakuna aliyesema mama anabaki. Hakuna aliyesema anaondoka. Mumewe aliwahi kuuliza mara moja kuhusu kubadilisha kadi, na Mwalimu akajibu, "Kuna haja gani, si atarudi kwake," kisha akaendelea kukunja nguo.

"Naweza kubadilisha hiyo anwani?" aliuliza.

"Unaweza, dakika hiyo hiyo. Ila mwenye kadi awepo, asikie, akubali. Hatubadilishi mtu makazi nyuma ya mgongo wake."

Ndipo simu ikaita tena, na aliyepiga alikuwa mama yake, kwa simu yake ndogo ya vitufe. Mwalimu aliipokea akiwa tayari amejaza kifua.

"Mama! Nimekwambia mara ngapi usihame kiti! Mara ngapi! Unajua sasa hivi muuguzi anaita majina? Unajua?"

"Naam, mwanangu." Sauti ilikuwa imetulia mno. "Usijali. Huyu binti wa darini ameshaniambia ninakokwenda. Amesema ng'ambo ya reli."

"Ni makosa, mama, ni hii mitambo..."

"Si neno. Ungeniambia tu jana usiku, ningefunga nguo zangu. Sasa sina hata kanzu ya kulalia. Na ufunguo uko kwenye droo kwako, ile ya chini. Utamtuma mtu?"

Hasira zote Mwalimu alizokuwa amezipanga zilikuwa bado zipo kifuani, zimesimama mstari, na hazikuwa na pa kwenda.

"Unafikiri nimekurudisha?" alisema.

"Ulisema kila mtu atarudi mahali pake. Sikukasirika. Mimi nakuchosha, najijua. Ila nilidhani utangoja jicho kwanza."

Fundi bomba alikuwa anatazama nje kwa bidii, kama mtu asiyesikia, na masikio yake yamesimama wima. Mwalimu alikata simu bila kuaga, kisha akakigeukia kitufe chekundu kana kwamba ndicho kilichosema maneno yale.

"Niunganishe naye."

"Nimekwambia siwezi kumge..."

"Sijasema umgeuze. Niunganishe mimi na yeye. Hivi vidude vyenu si vinashikana? Ndiyo sifa yake, si ndivyo mlivyotuambia siku ya uzinduzi, mlipotuchezea ngoma uwanjani? Basi kishikanishe changu na chake."

Mhudumu aligonga vitufe vya kompyuta. "Hilo linawezekana," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahia kazi yake. "Barabara ya mzunguko. Mnakutana huko. Ila abiria wote wa kibehewa chako lazima wakubali kuzungushwa."

"Bomba limevuja wiki nzima," alisema fundi bomba kabla hajaulizwa. "Litavuja na hii asubuhi. Nimekubali."

"Tafadhali thibitisha tena kwa sauti," alisema Shangazi.

"Nimekubali, Shangazi! Lo!"

Kibehewa kikageuka. Mwalimu alimpigia muuguzi, akaambiwa wawili tu wako mbele ya mama yake na wa kwanza ameshaingia. Daktari ana mkono mwepesi leo. Mko wapi jamani? Akasema wako karibu. Ulikuwa uongo, lakini ulikuwa unapungua uongo kadiri walivyokwenda, kwa sababu barabara ya mzunguko ilipita nyuma ya hospitali yenyewe, na kutoka njia panda ya pili mpaka mlango wa wagonjwa ni kufumba na kufumbua. Ila njia panda hiyo hiyo ndiyo iliyotenga: kulia hospitali, kushoto darajani, ng'ambo ya reli.

Walikiona kibehewa mbele yao, kimoja, kinakwenda peke yake, na kwenye kioo cha nyuma kichwa kimoja. Mwalimu alikuwa hajawahi kumwona mama yake akiwa mdogo namna ile. Vikasogeleana. Vikashikana. Mlango wa kati ukafunguka.

"Tumeunganishwa," alisema Shangazi. "Tutaachana kwenye njia panda ya pili."

Mwalimu alisimama mlangoni, mguu mmoja huku, mmoja kule. "Mama, njoo. Nishike mkono. Vuka huku twende hospitali, bado tunawahi."

Bi Salamu aliinua uso kuelekea sauti. Mkono wake ulikuwa umeshika nguzo ya kiti, na haukuiachia.

"Sivuki."

"Unasemaje?"

"Nakwambia sivuki. Nenda tu, mwanangu, usikose na kazi kwa ajili yangu."

"Mama, utapofuka!"

"Sawa."

"Sawa nini? Sawa nini, mama? Watu wanalia kupata hiyo zamu, mimi nimembembeleza mwalimu mkuu mpaka nikajidharau, huyu baba wa watu ameacha bomba linavuja, wewe unaniambia sawa?"

"Kule kwangu sihitaji macho," alisema Bi Salamu. "Nyumba ile naijua gizani. Najua ndoo iko wapi, najua kizingiti kilipomeguka. Nimezeeka mle. Macho nilikuwa nayataka kwa ajili ya kwako. Kwako ndiko kuna vitu sijaviona. Yule mdogo namjua kwa vidole tu, nimempapasa pua, sijui amefanana na nani. Na hiyo mitihani, mwanangu, kama ningeiona ningeifuta? Lakini kama narudi ng'ambo, nikapasuliwe ya nini? Nikauone ukuta?"

Mwalimu alitaka kupiga kelele. Ndicho kitu cha kwanza kilichokuja, kwa sababu ndicho kilichokuja kila siku. Alikuwa amechoka na dirisha linalofunguliwa alfajiri, na redio, na wageni wasiokwisha ukumbini, na vikombe vinavyohamishwa mahali, na huruma ya mama yake iliyokuwa nzito kuliko adhabu. Yote hayo yalikuwa kweli na kesho yangekuwa kweli tena. Na bado alipofikiria ile nyumba ya ng'ambo, mlango umefungwa kwa ndani na mama yake amekaa kimya kwa sababu hakuna miguu inayopita, aliinua uso kuelekea darini.

"Shangazi," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

"Nakusikiliza."

"Badilisha anwani ya kadi ya huyu mama. Weka yangu."

"Mwenye kadi yupo?"

"Yupo. Anasikia."

"Tunakaribia njia panda ya pili," Shangazi alitangaza kwanza, maana utaratibu ni utaratibu. Kisha: "Makazi mapya ya abiria ni ya muda, au ya kudumu?"

Fundi bomba aliacha kujifanya anatazama nje.

Ni swali la mashine, la kujaza pengo. Hakuna ndugu aliyewahi kuliuliza, wala mume, wala jirani. Mwalimu mwenyewe alikuwa amelizunguka miaka yote kama unavyozunguka kiti kwenye chumba chenye giza. Mbele yao barabara ilikuwa imeanza kujigawa. Simu ilikuwa inaita mfukoni, bila shaka muuguzi. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa anasubiri jibu kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Ya kudumu," alisema Mwalimu.

"Imepokelewa. Mwenye kadi, unakubali?"

Bi Salamu alisafisha koo.

"Mama, jibu! Njia panda hii hapa!"

"Mwambie arudie."

"Nani arudie? Amesema unakubali?"

"Si yeye. Wewe. Rudia ulilosema, sijasikia vizuri."

"Umesikia! Mama, umesikia kabisa, masikio yako yanasikia mpaka nyumba ya tatu! Kilichoharibika kwako ni macho!"

"Milango itafungwa," alisema Shangazi. "Kaeni mbali na milango."

"Rudia," alisema Bi Salamu.

Mwalimu alisimama katikati ya milango, mabega yake yakiizuia isijifunge, mkono ameunyoosha.

"Ya kudumu, mama. Unabaki kwangu. Unaona, huoni, unanifutia mitihani, hufuti, unabaki. Umesikia sasa?"

"Sasa nimesikia," alisema mama yake. "Nakubali." Akaiachia nguzo, akapapasa kizingiti kwa ncha ya kiatu, akavuka.